Uzi maalumu: kukata na kuchonga akriliki kwa mkono, bila mashine ya leza

#1 Fundi_Mwangaza

Wakuu, salaam.

Mara kwa mara mtu anauliza namna ya kukata kile kioo cha plastiki nyumbani, anajibiwa "peleka kwa watu wa leza", na mjadala unaishia hapo. Leza ni nzuri, sibishani. Ila kwa anayetaka kiboksi cha kuonyeshea bidhaa, kibao cha namba ya nyumba, stendi ya simu au fremu ya picha, kazi inafanyika mezani kwa vifaa vya kawaida kabisa. Naweka hapa ninavyofanya mimi. Wenye maswali waulize, wenye njia bora zaidi waongeze.

Ukishika jambo moja mengine yanafuata: akriliki nyembamba haikatwi, inavunjwa. Unachora mfuo, yaani mstari uliochimbwa kwa kisu, halafu unaivunja kwenye mfuo. Anayeiendea na msumeno wa mbao ndiye anayekuja kulalamika kwamba imepasuka ovyo, au imeyeyuka ikajigundisha tena nyuma ya msumeno.

Tuanze dukani. Wauzaji wengi kila plastiki inayopitisha mwanga wanaiita Perspex, ambalo ni jina la kibiashara la akriliki, hata kama ni polistaireni au polikaboneti. Omba kipande kidogo cha mabaki ukijaribu. Kikunje kwa mkono: polikaboneti inapinda na kubaki imepinda, akriliki inakataa halafu inakatika ghafla. Bado una shaka? Kwangua unyoya mdogo, ushike kwa koleo nje ya nyumba, uuwashe. Akriliki inawaka taratibu bila moshi mwingi na ina harufu ya utamutamu kama matunda. Polistaireni inatoa masizi meusi yanayoelea hewani. Ikitoa harufu kali ya kuwasha pua na moto kujizima wenyewe, hiyo ni PVC, achana nayo.

Shiti nzima huwa futi 4 kwa 8, na ya milimita 3 ina uzito wa kilo kama 10 na nusu, chini ya nusu ya kioo cha ukubwa huohuo. Huihitaji nzima. Nenda kwa mafundi wa mabango uwaombe mabaki, wanayo magunia. Kwa kazi ndogo milimita 2 au 3 inatosha. Milimita 5 inavunjika kwa mfuo lakini inataka mkono uliozoea, na zaidi ya hapo tumia msumeno.

Vifaa: rula ya chuma (ya plastiki italiwa na kisu), klempu mbili, kisu cha ndoano cha kukatia plastiki. Usipokipata kisu, chukua bledi ya msumeno wa chuma iliyovunjika, isage ncha yake kwenye grenda ipate ndoano yenye makali upande wa ndani, zungushia kitambaa au mpira wa tairi la baiskeli sehemu ya kushikia. Binafsi naipenda hiyo kuliko ya dukani, kwa sababu chuma chake hakiyumbi.

Sasa kazi yenyewe. Usibandue ile karatasi au nailoni ya juu, ndiyo inayokuepusha na mikwaruzo. Chora mstari wako juu yake. Bana rula na shiti pamoja mezani. Mkupuo wa kwanza vuta kisu bila kukandamiza hata kidogo, kazi yake ni kutengeneza njia tu. Ukiukandamiza huo wa kwanza kisu kitaruka nje ya rula na mkwaruzo huo hautoki. Kuanzia wa pili ongeza nguvu kidogo kidogo. Ndoano ikikaa vizuri utaona inatoa utepe mwembamba uliojikunja, na sauti inabadilika, kutoka kukwaruza inakuwa mlio mzito ulionyooka. Ukiona unga badala ya utepe, kisu ni butu au umekilaza mno. Endelea mpaka mfuo ufike theluthi ya unene, yaani milimita 1 kwa shiti ya milimita 3. Hakikisha mfuo unafika mwisho kabisa wa pande zote mbili, na hata kwenye ubavu wa shiti weka alama. Nyufa nyingi zinazokwenda kombo zinaanzia pale ambapo mtu aliinua kisu sentimita moja kabla ya mwisho.

Kuvunja: mfuo uangalie juu, ukae sambamba na ukingo wa meza. Weka ubao ulionyooka juu ya upande unaobaki mezani, ubane. Funika kwa kitambaa, vaa miwani, halafu sukuma chini upande unaoning'inia kwa mara moja na kwa uamuzi. Kusukuma kwa woga kidogo kidogo ndiko kunakoharibu. Kipande chembamba cha chini ya sentimita 1 hakivunjiki kwa mkono. Kibane kati ya vibao viwili ndipo ukikunje.

Ukingo unaotoka hapo una makali. Chukua mgongo wa bledi, usimamishe wima juu ya ukingo, uvute kwako. Unakwangua tu, wala tupa huihitaji. Ukitaka ung'ae, pita na msasa wa maji namba 240, 400, 600, 800, 1000, kila mara ukiondoa alama za msasa uliotangulia, kisha malizia na Brasso au dawa ya meno nyeupe kwenye kitambaa cha pamba.

Maswali yaje.

#2 Kijana_wa_Tabata

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mkuu endelea.

#3 Mzee_Grenda

Mleta uzi umeeleza vizuri lakini unatuchosha na mfuo. Mimi naweka disiki nyembamba ya kukatia chuma kwenye grenda, dakika moja kazi imekwisha. Na kama mtu anataka kitu kizuri, leza mtaani zimejaa siku hizi. Kwa nini ujitese?

#4 Fundi_Mwangaza

Mzee wangu, shikamoo. Grenda inakata, sikatai. Tatizo ni joto. Akriliki inaanza kulainika kwenye nyuzi 100 na kidogo, na disiki ya chuma inapita hapo mara moja. Ndiyo maana ukimaliza unakuta donge limeganda pande zote mbili, halafu unatumia nusu saa kulikwangua. Kuna na hasara usiyoiona kwa macho: sehemu iliyopata joto la ghafla inabaki na mkazo ndani, ukija kupaka gundi au kufuta kwa spiriti inatoa nyufa.

Leza nayo ndivyo hivyo. Ukingo wake unatoka unang'aa bila msasa, na kwa herufi na maua hakuna mkono utakaoishinda. Ila ukingo huohuo una mkazo. Ukikatiwa kwa leza vipande vya boksi ukavigundisha kwa kiyeyusho, yaani kimiminika kinachoyeyusha akriliki, siku hiyohiyo, usishangae kuona nyufa kama nywele kwenye maungio. Kwa mistari iliyonyooka, ukingo wa mfuo uliokwanguliwa unashika gundi vizuri zaidi.

#5 MamaKeki_Mbezi

Kaka asante kwa uzi. Mimi natengeneza keki za harusi na send-off. Nataka kukata moyo na duara za kuchomeka juu ya keki, na zile sahani za kutenganisha keki na keki. Mfuo kwenye moyo utafanyaje? Na je, ni salama kugusa chakula?

#6 Fundi_Mwangaza

Dada yangu, kwenye kona za moyo mfuo hauwezi. Hapo tumia msumeno wa upinde, ule wenye bledi nyembamba ya uzi wa kukatia nakshi za mbao, wenye meno madogo. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili na uchore juu yake. Kata polepole, mikupuo mirefu, na kila baada ya muda dondoshea maji yenye sabuni ya vyombo kidogo kwenye njia. Ukihisi bledi inaanza kushika, simama ipoe. Ukilazimisha, chembe zinayeyuka nyuma ya bledi na njia inafunga, bledi inabaki imenaswa humo. Shikilia kipande karibu sana na unapokata, kikitetemeka kinapasuka.

Pale moyo unapoingia ndani, ile bonde ya juu, usikate mpaka kwenye ncha kali. Toboa kwanza tundu dogo hapo, la milimita 2 au 3, ndipo ulete mikato miwili ikutane kwenye tundu. Kona kali ya ndani ndiyo inayoanzisha ufa.

Duara: kata kwanza mraba, kisha katakata kona kwa mfuo iwe pembe nane, kisha kumi na sita ukiweza, halafu malizia kwa tupa na msasa. Watu wanasahau njia hii kwa sababu ya kutafuta mashine.

#7 Madam_Kemia

Kwenye swali la chakula naomba nijibu. Akriliki yenyewe ikishakuwa shiti haina shida ya kugusana na keki kwa muda mfupi. Wasiwasi wangu uko kwenye unga wa msasa, mabaki ya Brasso na mabaki ya gundi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza sana. Ile sehemu inayochomwa ndani ya keki iwe kijiti kinachofaa kwa chakula, si mguu uliogundishwa kwa kiyeyusho. Na usiiweke kwenye mashine ya kuoshea vyombo wala maji ya kuchemka.

#8 MamaKeki_Mbezi

Nimekuelewa Madam. Ubarikiwe.

#9 Nahodha_Malindi_Unguja

Assalaam aleikum. Miye nachonga majahazi madogo ya kuuzia wageni, mbao ya mvule na matanga ya kitambaa. Wateja wanataka yakae ndani ya boksi la kioo lakini kioo kinavunjika kwenye ndege. Boksi langu urefu sentimita 30, upana 12, kimo 28. Kukata nimeshakata kwa mfuo kama alivyosema fundi, yametoka sawa. Shida gundi. Supagluu inafanya ukungu mweupe ndani yote, jahazi haionekani.

#10 Madam_Kemia

Wa aleikum salaam. Ukungu huo ni mvuke wa supagluu unaoganda juu ya akriliki, na ndani ya boksi lililofungwa hauna pa kutokea. Kwa boksi la kuonyeshea, supagluu iache.

Gundi ya akriliki yenyewe ni kiyeyusho, mara nyingi daikloromethani, ambayo chupani huandikwa pia methilini kloridi. Haigundishi kwa kukaa katikati. Inayeyusha uso wa vipande viwili vikaungana, kisha inaruka hewani. Kwa hiyo vipande lazima vikutane bila mwanya. Ndiyo maana fundi alisema ukingo uliokwanguliwa unashika gundi vizuri: ukingo unaokwenda kugundishwa usiung'arishe. Ukiung'arisha kwa kitambaa pembe zake zinakuwa za duara na hapo katikati unabaki mwanya. Ulaze msasa namba 240 au 400 juu ya kipande cha kioo kilichonyooka, simamisha ukingo wima, sugua mpaka uwe bapa. Ng'arisha kingo za nje tu, baada ya kuunga.

Simamisha kuta mbili kwenye kona ya mraba, zishike kwa selotepu kwa nje, kisha pitisha kiyeyusho kwenye mstari wa maungio kwa sindano nyembamba. Usimimine. Tone linavutwa lenyewe, utaona mstari wa kijivu unageuka kuwa angavu unapopita. Pakibaki pa kijivu hapajashika. Acha dakika chache bila kugusa, na usilibebeshe uzito mpaka kesho yake.

Sasa onyo, na hili nalisema kwa kukazia. Mvuke wake ni sumu, unalevya na unaweza kuua mtu aliyejifungia chumbani. Marekani mwaka 2024 walipiga marufuku matumizi yake yote ya nyumbani. Fanyia kazi nje, upepo ukitoka nyuma yako, na usiwe karibu na jiko wala sigara, maana mvuke ukipita kwenye moto unageuka gesi mbaya zaidi. Glavu za kawaida zinapenywa haraka, zikilowa zivue. Mpira wa bomba la sindano unavimba, kwa hiyo vuta kidogo kidogo na usihifadhi humo. Kuna watu wanatumia klorofomu kwa sababu inapatikana. Inaunga, ila ni hatari kwa ini na siishauri.

#11 Nahodha_Malindi_Unguja

Ahsante sana Madam. Na kama sitaki kabisa mambo ya mvuke?

#12 Fundi_Mwangaza

Nahodha, tumia silikoni angavu, ile isiyonuka siki, uzi mwembamba ndani ya kona. Haipendezi kama kiyeyusho lakini kwenye ndege inastahimili mitikisiko. Au fanya wanavyofanya wengine: kitako cha mbao chenye mfuo pande nne, kuta za akriliki zinaingia humo, juu fremu nyembamba ya mbao. Kwa fundi wa mbao kama wewe hiyo ndiyo ningechagua. Ila kwenye mfuo wa mbao acha nafasi ya kupumua. Akriliki inatanuka kama milimita 0.07 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa boksi la sentimita 30 ni kitu kidogo, nusu milimita kwa nyuzi 20 na zaidi, lakini ukilibana kabisa hiyo nusu milimita inatafuta pa kutokea.

#13 Kijana_wa_Tabata

Wakuu, mimi nimetengeneza kibao cha namba ya nyumba, nikatoboa matundu manne, nikafunga kwa skrubu, nikafuta vumbi kwa spiriti kiwe safi. Asubuhi nikakuta kila tundu lina vistari kama nywele za fedha kuzunguka. Sikugonga, sikukandamiza. Ni shiti feki?

#14 Fundi_Mwangaza

Si lazima iwe feki. Ni mambo matatu yamekutana: biti, skrubu na spiriti.

Biti ya kawaida ya chuma ina makali yanayojichimbia. Kwenye akriliki inashika ghafla pale inapotokea upande wa pili na kung'oa kipande. Chukua jiwe la kunolea, sugua makali ya biti kidogo sana mpaka yawe bapa, yaani yakwangue badala ya kuchimba. Tenga hizo ziwe za plastiki tu. Weka kibao cha mbao chini, ubane vyote pamoja. Anza na biti ndogo, endelea na kubwa, mwendo wa polepole, inua mara kwa mara ipoe na itoe nyuzi zake. Tundu likae mbali na ukingo, angalau mara mbili ya kipenyo chake.

Tundu liwe kubwa kuliko skrubu. Kibao cha mita moja kikipata jua kutoka nyuzi 25 mpaka 55 kinarefuka milimita 2 na kidogo. Weka washa ya mpira, kaza mpaka iguse, basi. Skrubu zenye kichwa cha koni usizitumie, zinapanua tundu.

Spiriti ndiyo iliyomaliza kazi. Mkazo ulikuwepo tayari kwenye matundu, spiriti ikaingia ikaufungua. Petroli, thina na dawa za kusafishia vioo zenye amonia ni familia moja.

Nyufa zilizotoka hazirudi. Kwa kibao kijacho, baada ya kutoboa unaweza kukiondoa mkazo kwenye oveni: nyuzi 80, saa mbili au tatu kwa unene wa milimita 3, kisha zima na uache kipoe humohumo mlango ukiwa umefungwa. Tumia kipimajoto, usiamini namba za kwenye kitasa. Na kwanza bandua karatasi.

#15 Kijana_wa_Tabata

Duh. Kumbe spiriti. Na mimi nilikuwa nasifia usafi.

#16 Likoni_Makuti

Sisi wa Mombasa tunafuata pia. Swali la kupinda: nataka stendi ya simu na vishikio vya menyu vya mkahawa, kipande kimoja kilichopindwa mara mbili. Rafiki yangu ananiambia nipashe kwenye jiko la makaa. Ni sawa?

#17 Fundi_Mwangaza

Ndugu yangu, makaa hapana. Joto lake haliko sawa na akriliki inashika moto, ikishawaka inadondosha matone yanayowaka.

Kinachotakiwa ni joto kwenye mstari mmoja. Mafundi wa mabango wana kifaa chenye waya wa nikromu, ule unaopata moto ukipitishwa umeme, uliovutwa kati ya vibao viwili. Shiti inakaa juu yake bila kugusa waya, mstari tu ndio unaopata moto. Nyumbani, bunduki ya hewa moto inafanya kazi: ziba pande mbili kwa vibao ukiacha mwanya wa sentimita 1, pitisha hewa kwenda na kurudi bila kusimama. Bandua karatasi kwanza, angalau karibu na mstari. Akriliki inapindika vizuri ikifika nyuzi 150 hadi 160. Utajua kwa mkono: ghafla inalegea, inakufuata yenyewe. Kama unalazimisha bado haijaiva, na ukiikunja hivyo unaweka mkazo palepale kwenye kona. Ukiona vipovu vidogo ndani umezidisha. Shiti iliyokaa mahali penye unyevu inatoa vipovu mapema zaidi, na sisi wa pwani tunalijua hilo.

Upande uliopashwa ndio uwe nje ya mkunjo. Egemeza kwenye kipande cha mbao chenye pembe unayotaka, shikilia mpaka ipoe yenyewe. Usiipoze kwa maji. Kama una mikunjo miwili, piga kwanza ule wa katikati, maana ukianza na wa pembeni mara nyingi hutakuwa na pa kulazia kipande.

#18 Likoni_Makuti

Shukran. Kutojua hiyo ya kupinda mkunjo wa katikati kwanza kungenigharimu shiti.

#19 Mzee_Grenda

Haya, nimekaa nimesoma yote. Swali la mwisho kutoka kwangu: huu unga wake kwenye macho ni hatari? Vijana wangu hawavai miwani hata uwapige.

#20 Madam_Kemia

Mzee, kuna kisa halisi. Plastiki hii ilianza kuuzwa miaka ya 1930, Wajerumani wakiita Plexiglas na Waingereza Perspex, na vita vya pili vilipofika ikatumika kwenye vioo vya ndege za kivita. Daktari wa macho wa London, Harold Ridley, akaona kwamba marubani walioingiwa na vipande vyake jichoni, macho yao hayakuvikataa kama alivyotarajia. Kutokana na hilo, mwaka 1949 akawa wa kwanza kumwekea mgonjwa wa mtoto wa jicho lenzi ya bandia ndani ya jicho, na lenzi hiyo ilikuwa ya akriliki.

Lakini usiwape vijana kisa hiki nusu. Jicho halikuikataa ile plastiki, hilo halina maana kwamba halikukatwa. Kipande cha mfuo kinaporuka kina ncha mithili ya wembe. Miwani ivaliwe, na wakati wa msasa tumia maji ili unga usipae.

#21 Mzee_Grenda

Nitawasomea hii kesho asubuhi kabla ya kazi. Grenda nimeiweka pembeni, kwa akriliki tu lakini.

#22 MamaKeki_Mbezi

Samahani kurudi nyuma. Moyo wangu umetoka vizuri, ila una mikwaruzo midogo upande mmoja, karatasi ilibanduka. Nianze na msasa upi?

#23 Fundi_Mwangaza

Kama ukucha haunasi kwenye mkwaruzo, usiguse msasa kabisa. Brasso kidogo kwenye kitambaa laini, zungusha mkono mpaka upotee. Ukucha ukinasa, anza na namba 800 na maji, panda mpaka 1200 au zaidi, na usugue eneo pana kuliko mkwaruzo wenyewe. Ukisugua sehemu moja tu utachimba kishimo, na kwenye mwanga wa ukumbi kitaonekana kuliko huo mkwaruzo.